Wenzangu Wote Wameshakatiwa

Juzi nilikuwa Mchikichini natafuta viatu vya kuteleza vya matairi vya binti yangu, na kijana mmoja wa mitumba mwenye maneno mengi akaniinulia kiatu kirefu cheusi chenye kisu chini ya soli. "Mama, chukua hiki, ngozi yenyewe hii, watakivaa mpaka wajukuu!" Hakujua kile kisu ni cha nini. Alidai matairi yaling'oka safarini na fundi yeyote angebandika mengine. Nilikipokea nikakinusa mbele za watu bila haya: ngozi iliyowahi kulowana mahali penye baridi kali, ikakauka, ikafungiwa ndani ya robota, na juu yake mafuta ya mashine. Kifundo changu cha mguu wa kushoto kikaanza kuwasha. Nilimrudishia kiatu chake nikaondoka upesiupesi, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu jikoni.

Tangu siku hiyo situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta cha kufanya. Kocha wa binti yangu amesema kila mtoto anayecheza lazima awe na bima ya ajali, na dada mmoja wa kampuni ya bima ananipigia simu nami naiacha iite. Mtu mzima mwenye akili zake anaogopa simu! Lakini wale mliokulia Kariakoo enzi zile za nyumba za Kiswahili, kabla uchochoro wetu haujawa ghorofa la maduka ya simu, labda mtanielewa nikiwaeleza ilivyokuwa.

Sisi tulikuwa tunacheza hoki. Najua mtacheka. Watoto wa mitaa mingine walikuwa na mpira wa miguu, sisi tulikuwa na Kaka Nassor. Alikuwa ameishi melini ujana wake wote, na huko alikopita aliona nchi ambayo maji yanaganda yakawa sakafu, na watoto wanavaa viatu vyenye visu wanateleza juu yake huku wakigombania kidude cheusi kwa fimbo. Tulikubaliana kwamba ni mwongo, ila mwongo mtamu. Kisha siku moja akarudi kutoka Mchikichini na gunia la viatu vyenyewe, vyenye visu vyenyewe, na tangu hapo hakuna aliyembishia jambo lolote.

Fundi viatu wa uchochoroni kwetu aling'oa visu, akavitupia kwenye boksi chini ya benchi lake, akafunga beringi mahali pake. Fimbo zilitoka kwenye mbao za makreti. Kidude cheusi kilikuwa kopo la rangi ya viatu lililojazwa lami. Jumapili mchana, maduka ya vitambaa yakishafungwa na lami ikiwa tupu, beringi zilikuwa zinapiga kelele mpaka wazee wa barazani wanaziba masikio. Tulikuwa tunaanguka sana. Mama yangu, aliyekuwa fundi cherehani, alinishonea magoti ya sponji ya godoro kuukuu, akanivalisha suruali ndani ya gauni, na akaniruhusu. Nilikuwa msichana pekee kwenye timu, na nilikuwa na mbio kuliko wavulana wote isipokuwa Hemal.

Hemal alikuwa mtoto wa Kihindi wa kule Kisutu, baba yake anauza vifaa vya umeme mtaa wa pili kutoka kwetu. Alikuwa mwembamba, anavaa miwani iliyofungwa kwa mpira kisogoni, na alikuwa rafiki yangu wa kugombana naye kila siku.

Basi tukaalikwa. Kulikuwa na ukumbi mmoja Upanga wenye sakafu laini, na watoto wa huko walikuwa na timu, tena wenye kofia ngumu na glovu. Kaka Nassor alitukusanya mbele ya duka lililofungwa, akatuambia tusikilize vizuri.

"Kule hatuendi kienyeji," alisema. "Wenyeji wetu wanataka kila mchezaji awe amekatiwa bima ya ajali. Asiyekatiwa hachezi. Nitapita nyumba kwa nyumba kuongea na wazazi wenu."

Hakuna aliyeuliza swali. Mimi sikuuliza kwa sababu nilielewa kila kitu. Nilizaliwa Kariakoo mimi, katikati ya mashabiki wa mpira. Nilikuwa najua kamati ya ufundi ni kitu gani kabla sijajua kuhesabu. Kila palipokuwa na mechi kubwa, wazee wa barazani walikuwa wananong'ona kuhusu wachezaji waliopelekwa mahali kuchanjwa chale na kupakwa dawa ili wasiumie. Mpangaji wetu wa chumba cha uani alikuwa nazo, vimistari vyeusi viwili viwili kwenye viwiko, na hata mbwa walikuwa wanamkwepa. Kwa hiyo bima ilikuwa jina la dawa. Bima ya ajali ni dawa ya kuzuia ajali, na ili ikuingie, unakatwa. Kila neno lilikaa mahali pake.

Mama alikuwa hataki hata kusikia mambo ya chale. Kwetu ilikuwa ni swala, dua na basi. Niliona kabisa kwamba hapo ndipo nitakapokwama.

Kaka Nassor alikuja baada ya Alasiri. Mama alikuwa ukumbini kwenye cherehani, mimi nikajibanza nyuma ya pazia la chumbani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Nassor. Karibu. Huyo Zuhura amevunja nini tena?"

"Hajavunja kitu. Nimekuja kuzungumza habari ya bima."

Cherehani ikanyamaza. Lakini umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na jenereta la duka la jirani lilikuwa linanguruma dirishani, na Kaka Nassor kwa adabu alikuwa anaongea na mama kwa sauti ya chini. Yaliyonifikia yalikuwa vipande vipande. "Kidole," nilisikia. "Mkono." Kisha, "Jicho, hapo ni zaidi." Kisha mguu. Nilishika jicho langu la kulia kwa kiganja. Chale kwenye jicho! Sikuwahi kusikia timu yoyote, hata zile kubwa, iliyofika huko.

Sauti ya mama haikuhitaji jenereta kuzimwa. "Mtoto wangu ni mbuzi, Nassor? Mguu kivyake, kichwa kivyake? Hakatiwi mtu humu ndani! Na usinirudie tena na uchuro wako!"

Kaka Nassor aliondoka kahawa yake ikiwa nzima. Mama akarudi kwenye cherehani, akashona gauni la watu upande wa nje ndani, akalifumua, akalishona tena vilevile. Nilipotoka nyuma ya pazia hakuniangalia.

Siku zilizofuata nilikuwa siwezi kukaa. "Zuhura, tulia, utadhani umekalia siafu," mama alikuwa ananiambia, naye mwenyewe anaacha kitambaa katikati ya mashine anakwenda kusimama mlangoni bila sababu. Madrasa nilipigwa fimbo kwa kukosa kusikiliza. Nilikuwa na kazi moja tu, kuwachunguza wenzangu. Mmoja mmoja walikuwa wanakuja mazoezini wanatangaza, "Mimi tayari!" na mimi nazunguka natafuta alama. Niliangalia vifundo vyao, vidole vyao, kope zao. Mmoja alikuwa na mkwaruzo juu ya nyusi nikauamini. Mwingine nilimvua kiatu kwa nguvu tukapigana.

Mwishowe nikamshika Hemal, tumekaa kwenye ngazi za duka la baba yake.

"Wewe umeshakatiwa?"

"Juzi tu."

"Wapi?"

"Posta."

"Sio hivyo. Nani alikukata?"

"Baba mdogo alinikatia. Yeye ndiye anajua mambo hayo."

Niliwaza juu ya baba mdogo wake, mtu mpole mwenye kalamu mfukoni, nikashangaa jinsi mtu anavyoweza kuficha uganga wake. "Iliuma?"

Hemal alifikiri. "Baba anasema imemuuma kweli. Jana alikuwa bado analalamika, sisi watoto wake wote ametukatia kwa mara moja. Mimi sikusikia kitu."

Kwa hiyo hata baba yake alikatwa, na bado inamuuma! Nilitaka kulia. Hemal akanikodolea miwani yake, akaniuliza kama naumwa.

Jumapili iliyobaki kabla ya safari ya Upanga, Kaka Nassor aliniita pembeni. Alikuwa ameinama, ameshika magoti, uso wake umelingana na wangu. "Zuhura, wenzako wote wameshakatiwa. Umebaki wewe tu. Nimejaribu kwa mama yako nimeshindwa, na mimi siwezi kumpita mzazi. Utakuja kutushangilia, eh?" Nilitikisa kichwa kukubali. Mchezaji mwenye mbio kuliko wote ila Hemal, aende kupiga makofi! Machozi yalinilenga lakini nikayameza, kwa kuwa wazo lilikuwa limeshanijia na lilikuwa linanisukuma mgongoni.

Fundi viatu hakuwapo Jumapili. Boksi lake lilikuwa palepale chini ya benchi. Nilichagua kisu kilichoonekana safi kidogo, nikachota jivu jikoni nikalikunja kwenye kipande cha gazeti, nikakaa nyuma ya choo cha uani. Nilikuwa nimeshapanga. Jicho ningeomba nisamehewe. Kidole kingeonekana na mama. Mguu ndio unaocheza, basi nianze na mguu, mstari mmoja mdogo kama wa mpangaji wetu. Nikasema Bismillahi.

Hemal alikuwa ananitafuta turudi uwanjani. Alinikuta nimeshika kifundo, kisu kiko juu yake.

"Zuhura! Unafanya nini?"

"Najikatia bima. Ondoka, utanichanganya."

"Bima haikatwi hivyo! Bima ni karatasi, mjinga wewe! Karatasi!"

Nilishtuka, na kisu kile kibutu, kilichokuwa kimegoma kabisa kukata, kikateleza kwa nguvu zangu zote. Nakumbuka nilishangaa zaidi kuliko kuumia. Nakumbuka jivu limemwagika, na Hemal anakimbia huku miwani inaruka kisogoni, anapiga kelele nyumba nzima: "Mama Zuhura! Mama Zuhura wee! Njoo!"

Mama alinibeba mpaka barabara ya Msimbazi kutafuta teksi, futi yake ya kupimia nguo inaning'inia shingoni na pini bado ziko kifuani kwenye gauni. Zilikuwa zinanichoma shavuni na sikusema. Hakuniuliza neno njia nzima. Alikuwa anarudia jina langu tu.

Hospitalini walinisafisha, wakanishona, wakanidunga sindano ya pepopunda. Daktari aliuliza nimejikata na nini, nikasema kisu cha kiatu. Akauliza kwa nini. Nikasema, kwa sababu wenzangu wote wameshakatiwa bima ya ajali na mimi bado. Muuguzi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Daktari naye alitabasamu, akamwambia mama, "Ana bahati. Kingezama kidogo tu, kingekata mshipa wa kisigino, angechechemea maisha yake yote."

"Mungu apishe mbali," alisema mama. Hakucheka. Alimkazia macho yule daktari, akaendelea kumkazia, mpaka daktari akaona aibu akasema naye, "Mungu apishe mbali."

Tulikaa kwenye benchi la nje kusubiri dawa. Nilitegemea kuchapwa. Badala yake mama alinivuta mguu ule wenye bendeji akauweka mapajani mwake, na ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Baba yangu alifia kazini bandarini nikiwa mchanga. Hilo nilikuwa nalijua. Sikujua kwamba kabla ya hapo alikuja mtu wa bima nyumbani kwetu.

"Alikaa kwenye kochi lile lile," alisema mama. "Chai yangu iko mkononi mwake. Akamwambia baba yako, 'Sasa wewe ukifa.' Hakusema Mungu akikuhitaji. Hakusema likitokea la kutokea. Ukifa! Baba yako akacheka, unajua alivyokuwa anacheka, hapana, wewe huwezi kujua. Akamwambia aje tena mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipofika, tulikuwa tumeshamzika."

Nilikuwa naziangalia zile pini.

"Nassor naye anakuja, anakaa palepale. Akivunjika kidole, anasema. Akipoteza jicho. Nikaona yule yule amerudi." Akawa anazungusha futi yake kidoleni. "Miaka yote hii sijui kinachoniuma zaidi, kwamba lile neno lilisemwa, au kwamba hatukukata."

Mtoto ni mtoto. Nilichokielewa mimi pale ni kwamba mama naye alikuwa anaogopa, tena kuliko mimi, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Nililala kifuani kwake pamoja na pini zake zote.

Kaka Nassor alikuja kesho yake na machungwa, kichwa chini, kama yeye ndiye aliyeshika kile kisu. Safari hii niliwekwa ukumbini, mguu juu ya mto, na jenereta lilikuwa limezimwa.

"Dada, nisamehe," alianza. "Mimi maneno ya melini yameniharibu. Nilisema vibaya."

"Ulisema vibaya," alikubali mama. "Sema tena. Lakini ukianza na kiungo cha mwanangu, unasema kwanza Mungu apishe mbali."

Kaka Nassor alinitazama, nikatazama dari. Akajikohoza. "Mungu apishe mbali, akivunjika kidole, wanalipa."

"Enhe."

"Mungu apishe mbali, mkono, wanalipa. Mungu apishe mbali, jicho, wanalipa zaidi." Hapo ndipo nilipojua wapi nilipotelea. Akaenda hivyo, kiungo baada ya kiungo, mtu mzima aliyevuka bahari zote, jasho linamtoka. Alipofika neno la mwisho alisita. Mama alikuwa amefumba macho. "Mungu apishe mbali, dada," alisema kwa upole, "Mungu akimhitaji." Hakuongeza.

Mama akafumbua macho, akaniangalia mimi, si yeye. "Haya," alisema. "Mkatie."

Upanga walitufunga mabao mengi nisiyotaka kuyakumbuka, mimi nikiwa nimekaa benchi na mguu wangu. Lakini nilipopona nilirudi kucheza, na mama alikuwa anakuja. Alikaa mstari wa mbele na kitambaa cha watu mapajani anapindia mikono, na kila nilipoanguka alikuwa anapiga kelele ukumbi mzima, "Mungu apishe mbali!" Watoto wa Upanga walidhani ndio wimbo wa timu yetu, wakaanza kuuitikia. Nilikuwa naona aibu ya kufa. Leo ningetoa chochote niisikie sauti ile kutoka benchi lolote.

Mama amefariki mwaka huu. Cherehani iko kwangu, siwezi kuiuza na siwezi kuishonea. Ndiyo maana simu ya bima ilikuwa inaita nami nazunguka nyumba nzima, napangua kabati zilizokwisha pangwa.

Jana niliipokea. Alikuwa binti mdogo, sauti yake bado ya shule. Akanisalimia vizuri, akanieleza kazi yake, kisha akaingia moja kwa moja: "Kwa hiyo mama, mtoto akivunjika mkono—"

"Subiri, mwanangu," nilisema. "Sema kwanza Mungu apishe mbali."

Upande wa pili ukawa kimya. Nilidhani amekata simu, nikawaza kwamba kesho ofisini kwao watanicheka.

"Mungu apishe mbali, mama," alisema. "Akivunjika mkono."

"Enhe."

"Mungu apishe mbali, mguu. Mungu apishe mbali, jicho." Alikuwa amepunguza mwendo, na sauti yake imebadilika, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akavua viatu. Nilikuwa nimekaa karibu na cherehani, kidole changu kiko kwenye kile kistari cha kifundo. Alipofika mwisho alisita mwenyewe, bila mimi kumwambia kitu, na akalipita lile neno kwa mbali, kwa adabu zote.

Nikavuta pumzi. Sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa ya mama.

"Haya," nilisema. "Mkatie."